Mshono uko wapi? Siri ya vioja tusivyochoka kuvitazama

Mwaka 1799 George Shaw, mtaalamu wa wanyama wa Makumbusho ya Uingereza jijini London, alikuwa na ngozi kavu iliyotoka Australia. Manyoya yake mazito yalifanana na ya fisi maji. Mkia ulikuwa bapa, vidole vimeungwa kwa utando, na pale ambapo mtu angetarajia pua na meno palikuwa na mdomo wa bata. Shaw alifanya ambalo mimi na wewe tungelifanya: alitafuta mshono. Aliandika kwamba kiumbe wa namna hiyo humtia mtu shaka ya ujanja wa mikono ya binadamu, na kwamba yeye mwenyewe hakuridhika mpaka alipomkagua kwa makini mno. Mshono hakuuona. Mnyama huyo ndiye kinyamadege, ambaye wengi humjua kwa jina la platipasi.

Shaka yake haikuwa ya bure. Ngozi za mwanzo zilifika Ulaya kwa meli zilizokatiza Bahari ya Hindi, na mabaharia wa njia hiyo walikuwa wameshazoea kuuziwa nguva bandia, kiwiliwili cha nyani kilichoungwa na mkia wa samaki, kazi safi ya fundi. Robert Knox, daktari wa Edinburgh, alilisema hilo waziwazi katika miaka ya 1820. Aliyekwisha kupigwa changa la macho na nguva ataanzaje kumwamini bata mwenye manyoya? (Kiswahili nacho kina utani wake hapa. Nguva ni yule mwanamke-samaki wa hadithini, na nguva huyo huyo ni mnyama halisi anayekula majani ya baharini. Jina limewameza wote wawili.)

Nimeanza na ngozi hii kwa sababu inajibu swali ambalo limenisumbua kwa muda. Watu wanaopenda michoro ya surialisti, ile ya saa zinazoyeyuka na wanaume wenye tufaha usoni, mara nyingi ndio hao hao wanaohifadhi karata za taroti, mafuvu, vipepeo waliobanwa kwa pini, na picha za samaki wa vilindini. Ukivitazama harakaharaka huoni undugu wowote. Mchoro ni sanaa, taroti ni ramli, samaki ni biolojia. Lakini jicho linalovitazama linafanya kazi ileile aliyoifanya Shaw. Limeona vitu viwili ambavyo akili ilikuwa imeviweka katika masanduku mbalimbali, sasa vimekuwa kitu kimoja, na linataka kujua vimeungwa wapi.

Wakusanyaji wa zamani hawakuona haja ya kuvitenganisha. Katika karne ya 16 na ya 17 matajiri na wasomi wa Ulaya walikuwa na vyumba vya maajabu, ambamo mamba aliyekaushwa alining'inia darini juu ya sanamu za kale, matumbawe, saa za mitambo na hirizi. Mmoja wa wenye vyumba hivyo alikuwa Ole Worm, daktari wa Copenhagen. Siku hizo pembe ndefu zenye msokoto ziliuzwa kwa bei ya kutisha, zikisemwa kuwa za farasi wa pembe moja na kuwa ni dawa ya kila sumu. Mwaka 1638 Worm alionyesha, akiwa na fuvu lenye pembe hiyo ingali imeshika mahali pake, kwamba mwenye pembe hiyo ni narwali, nyangumi wa bahari za kaskazini ya mbali. Wala si pembe. Ni jino, kwa kawaida la upande wa kushoto, linalotoboa mdomo wa juu na kukua likijisokota hadi kufikia karibu mita 3.

Hapo ndipo wengi hukosea kuhusu vioja. Hudhani maelezo huua ajabu. Mimi nikiwekewa farasi mwenye pembe upande mmoja, na upande mwingine nyangumi ambaye jino lake limetoboa mdomo na kuchomoza kama mkuki, sihitaji muda wa kuchagua. Farasi ni kazi ya mtu aliyechoka kuwaza: umechukua mnyama wa kila siku, umempachika kitu kimoja. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni, na huyu Firauni anaogelea.

Bandia nazo zilikuwa na wawindaji wake. Conrad Gessner, mwanazuoni wa Zurich, alionya tangu mwaka 1558 kwamba yale mazimwi madogo makavu yaliyokuwa yakiuzwa yalikuwa samaki bapa aitwaye taa, aliyekatwa, akakunjwa na kukaushwa mpaka akapata mabawa na uso wa shetani. Mwaka 1735 Carl Linnaeus, Msweden aliyekuja kusifika kwa kuwapa viumbe majina ya kisayansi, wakati huo kijana asiyejulikana, alipita Hamburg na kuonyeshwa fahari ya mji, joka la vichwa saba. Akalitazama taya, akalitazama miguu. Yalikuwa mataya na makucha ya kicheche, yamefunikwa kwa ngozi za nyoka zilizogundishwa. Mwenye mali alikuwa akitarajia kuliuza kwa fedha nyingi. Linnaeus aliutangaza ukweli, kisha akaondoka mjini haraka, jambo la busara kwa mtu aliyemharibia mkubwa biashara.

Lakini kuna aina nyingine ya udanganyifu, na huu naupenda zaidi kwa sababu ndani yake hamna mwongo. Mwaka 1522 meli ya Victoria, iliyosalia kutoka msafara wa Magellan, ilileta Ulaya ngozi za ndege wa peponi. Wenyeji waliozitayarisha walikuwa wamekata miguu, kwa kuwa manyoya ndiyo yaliyokuwa na thamani. Waliozipokea hawakujua hilo. Wakahitimisha kwamba ndege hawa huzaliwa bila miguu, basi hawatui kamwe, huelea angani maisha yao yote na kula umande. Linnaeus mwenyewe, yule yule wa Hamburg, mwaka 1758 alimpa mmoja wao jina la kisayansi *Paradisaea apoda*, maana yake asiye na miguu. Hakuna aliyeshona chochote. Kilichofanyika ni kupunguza, na pengo likajazwa na akili za watazamaji.

Kwa nini akili isichoke na mchezo huu? Sehemu kubwa ya jibu iko katika namna tunavyopanga dunia. Mtoto hujifunza mapema kwamba wenye mabawa ni ndege, wenye magamba ni samaki, wenye kunyonyesha ni wanyama. Mpango huo hutuokolea muda mwingi, hadi atokee popo, ambaye katika ngano nyingi hufukuzwa na ndege na kufukuzwa na wanyama. Mwanaanthropolojia Mary Douglas, aliyeishi na kufanya utafiti miongoni mwa Walele wa Kasai, Kongo, alimkuta kakakuona katika nafasi hiyohiyo. Ana magamba kama samaki lakini hupanda miti. Hunyonyesha, na huzaa mtoto mmoja mmoja kama binadamu. Kwa Walele hakuwa nyama ya kila mtu. Aliliwa na watu walioingizwa katika kundi maalumu la ibada. Hoja ya Douglas ni kwamba kitu kisichoingia sandukuni hakiwezi kuachwa tu hivyo. Jamii hukifanya mwiko, au hukifanya kitakatifu, na mara nyingi vyote viwili kwa pamoja. Ukiwaza sana utaona kwamba mkusanyaji wa mafuvu na mwenye kusonya anapoyaona mafuvu hayo wanakubaliana juu ya jambo moja: hiki si kitu cha kawaida.

Daktari wa akili Ernst Jentsch, mwaka 1906, aliitazama hisia hiyo kutoka ndani. Alisema kinachotusisimua vibaya ni kukosa hakika, hasa pale tusipojua kama kilicho mbele yetu kina uhai au hakina. Sanamu ya nta, mdoli, mtambo unaopepesa macho. Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyechimbua yaliyofichika akilini, alilichukua jambo hilo mwaka 1919 na kuongeza kwamba cha kutisha zaidi si kigeni kabisa. Ni kile tulichokijua zamani, kikafukiwa, sasa kimerudi na sura nyingine. Si lazima uukubali ujenzi wote wa Freud ili uone ukweli wa hapo. Mkono ni kitu cha kawaida kuliko vyote. Mkono ulio peke yake juu ya meza ni habari nyingine.

Wasurialisti walizinywa fikra hizi zikiwa bado moto. André Breton, aliyetoa ilani ya kundi hilo jijini Paris mwaka 1924, alikuwa amehudumu katika Vita vya Kwanza vya Dunia kwenye wodi za askari waliochanganyikiwa, akisikiliza maneno yao. Yeye na wenzake walichukua kipimo cha uzuri kutoka kwa mshairi wa karne ya 19, Lautréamont, aliyeandika juu ya uzuri wa cherehani na mwavuli vilivyokutana kwa bahati juu ya meza ya kupasulia maiti. Angalia jinsi sentensi hiyo ilivyoundwa. Cherehani haina ajabu, wala mwavuli, na hata meza hiyo ni ya kawaida kwa daktari. Ajabu yote iko katika kukutana kwao. Tena mmoja wa wageni hao, nadhani si kwa bahati, ni mashine ya kushonea.

Wakautengenezea mchezo. Mtu anachora kichwa juu ya karatasi, anaikunja ili isionekane, anampa mwenzake achore kiwiliwili, naye anakunja na kumpa wa tatu achore miguu. Waliuita maiti tamu, kutokana na sentensi ya kwanza iliyozaliwa walipoucheza kwa maneno: maiti tamu itakunywa divai mpya. Ukiukunjua mkunjo unaona zimwi la Hamburg limetokea upya, safari hii bila mnunuzi wa kudanganywa.

Kazi yao iliyokamilika kuliko zote, kwangu mimi, ni ndogo na kimya. Mwaka 1936 Meret Oppenheim alichukua kikombe, kisahani na kijiko, akavifunika kwa manyoya ya swala. Huhitaji kuelezwa chochote. Ukitazama tu, ulimi unahisi. Midomo inakijua kikombe, kiganja kinayajua manyoya, na hisia hizo mbili hazijawahi kukutana mahali pamoja mpaka hapo. Mwili wenyewe ndio unaoutafuta mshono.

Sasa kuna siri ya ufundi ambayo waigaji wengi huikosa. Salvador Dalí na René Magritte, wachoraji wasurialisti, walichora kwa njia ya kizamani kabisa, kwa usafi wa mtu anayechora tangazo la sabuni, na Magritte kwa kweli alikula mkate wa matangazo kwa miaka. Ule mchoro wa Dalí wa saa laini, wa mwaka 1931, una sentimita 24 kwa 33 tu, karibu ukubwa wa karatasi ya ofisini. Kivuli kimeanguka panapostahili, mwamba ni mwamba, anga ni anga. Kwa kuwa kila kingine kinatii sheria, saa iliyolegea inashtua. Ndiyo maana picha nyingi zinazozalishwa leo na kompyuta kwa jina la surialisti hunichosha upesi. Kila kitu kinayeyuka, nyumba inageuka jellyfishi na jellyfishi anageuka ngazi, na palipoyeyuka vyote hakuna kilichobaki imara cha kulinganisha nacho.

Na mambo ya ghaibu yanaingilia wapi? Yanaingilia kwenye mkono.

Mwaka 1853 Ulaya ilikuwa imeshikwa na homa ya meza zinazotembea. Watu waliketi kuizunguka meza, wakaweka viganja juu yake, wakaiita mizimu, na meza ikaanza kusogea. Mwanasayansi Michael Faraday hakuwaita waongo. Aliweka tabaka za kadi kati ya viganja na meza, zimegandishwa kwa kitu laini, ili aone kilichoanza kusogea. Kadi za juu, zilizoguswa na viganja, zilikuwa zimetangulia. Meza haikuivuta mikono, mikono iliisukuma meza, na wenye mikono hiyo waliapa kwa dhati kwamba hawakusukuma. Kisha akaweka mshale wa kuonyesha kila msukumo mdogo. Wahusika walipouona mshale, meza ilitulia. Mwaka mmoja kabla ya hapo daktari Mwingereza William Carpenter alikuwa ameshaeleza kwamba wazo peke yake laweza kuutikisa msuli bila mtu kuamua. Ndiyo nguvu inayoendesha ubao wa Ouija, ule wa herufi ambao watu huuliza mizimu maswali, uliopewa hataza nchini Marekani mwaka 1891 na kuuzwa kama mchezo wa nyumbani.

Kwa hiyo hapa pia kuna vitu viwili vilivyoungwa, ila safari hii ni mimi na mimi: anayeamua, na anayesukuma. Mshono unapita katikati ya mtu mmoja. Wapenda mizimu waliliita hilo sauti ya wafu. Wasurialisti walichukua zana ileile, mkono unaoandika au kuchora kabla ya akili kuingilia, wakamwacha mzimu mlangoni. Uandishi wa namna hiyo ndio uliokuwa moyo wa ilani ya 1924. Hawakuhitaji kuamini kwamba kuna mtu upande wa pili. Walitaka kujua ni nani upande huu.

Si wote walioweka mpaka huo. Hilma af Klint, mchoraji wa Sweden, aliamini viongozi wa kiroho walimwagiza kazi, na kuanzia mwaka 1906 alichora turubai kubwa za maumbo na rangi zisizoiga kitu chochote, miaka kadhaa kabla ya wanaume waliokuja kusifiwa kwa kuanzisha sanaa hiyo. Alitaka kazi hizo zisionyeshwe mpaka ipite miaka 20 baada ya kifo chake, naye alifariki mwaka 1944. Zilipowekwa katika makumbusho ya Guggenheim, New York, kati ya 2018 na 2019, watazamaji walizidi 600,000. Sidhani wote waliamini mizimu yake. Mchoro ulikuwa pale ukutani, na chimbuko lake halikuhitaji kuthibitishwa ili jicho lifanye kazi.

Taroti yenyewe ina historia inayochekesha kidogo. Ilizaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 kama mchezo wa karata, wa kushindana na kufunga. Ramli ikaja kukolea baadaye sana, hasa baada ya mwaka 1781, Antoine Court de Gébelin alipodai Paris kwamba karata hizo ni hekima ya siri ya Misri ya kale. Wakati huo hakuna Mzungu aliyeweza kusoma maandishi ya Misri, Champollion, Mfaransa aliyekuja kuyafumbua, akiwa bado miaka 41 mbele, basi nani angempinga? Hapa kilichoshonwa ni historia. Na bado, ukizitandaza mezani, mnara unaopigwa radi karibu na mtu aliyening'inizwa mguu mmoja, akili inaanza kuunganisha bila kuombwa, kama ilivyojaza miguu ya ndege wa peponi. Mwaka 1940 na 1941, wakisubiri viza Marseille ili waikimbie Ulaya ya Hitler, Breton na wenzake walichora karata zao wenyewe. Alama za kawaida zilitolewa, zikaingia upendo, ndoto, mapinduzi na maarifa. Huku polisi wakiwafuatilia.

Turudi kwa wanyama, maana wao ndio wanaoutia mchezo huu aibu.

Mwaka 1922 mtaalamu wa Iceland, Bjarni Sæmundsson, alieleza samaki mvuvi jike wa vilindini aliyekuwa na samaki wadogo wawili wamening'inia mwilini. Alidhani ni watoto. Miaka 3 baadaye Charles Tate Regan wa London alimpasua mmoja wa aina hiyo na kugundua kwamba hao ni waume. Dume, ambaye ni mdogo mno, humpata jike gizani, humng'ata, na katika baadhi ya aina hawaachani tena. Ngozi inaungana na ngozi, mishipa na mishipa, damu inakuwa moja. Ukikata pale walipoungana huoni mpaka. Kwa madaktari hili lilikuwa fumbo, kwa kuwa mwili wa kawaida hukataa nyama ya mwingine, na ndiyo sababu aliyepandikizwa figo humeza dawa maisha yake yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba samaki wanaoungana hivyo wamepoteza jeni muhimu za kinga ya mwili, zile ambazo sisi tukizikosa tunakufa. Ili mshono upotee, walinzi waliondolewa kazini. Hakuna mchoraji aliyefika hapo.

Kwa upande mwingine yupo samaki wa jamii ya Psychrolutes, yule wa waridi mwenye pua iliyolegea na uso wa mzee aliyekata tamaa. Mwaka 2013 alishinda kura ya Uingereza ya kumtafuta mnyama mwenye sura mbaya kuliko wote. Lakini sura ile si yake. Huishi mamia ya mita chini hata kupita mita 1,000, ambako shinikizo la maji humshikilia mwili wake laini ukae sawa, na huko hufanana na samaki wa kawaida mwenye kichwa kikubwa. Tulimvuta juu, akaporomoka, tukapiga picha, tukamcheka. Ni ndege asiye na miguu mara ya pili, miaka karibu 500 baadaye.

Gharama ya kuwa kioja hailipwi na mtazamaji. Ayeaye wa Madagaska ana masikio ya popo, meno yanayokua daima kama ya panya, na kidole cha kati kilicho chembamba kama waya, anachokitumia kugonga gogo, kusikiliza, kisha kuchomoa buu. Wataalamu wa kwanza walimweka miongoni mwa wanyama wagugunaji, na ilichukua miongo mingi kukubali kwamba ni lemuri, wa ukoo wetu. Katika baadhi ya vijiji vya kisiwa hicho yeye ni mkosi, na akionekana huuawa. Leo yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka, ingawa ukataji wa misitu nao una sehemu kubwa ya lawama.

Kuhusu kinyamadege, ubishi haukuishia kwa Shaw. Kwa miaka 85 wanazuoni wa Ulaya waligombana kama hutaga au huzaa, kwa sababu mwenye manyoya na maziwa hakupaswa kutaga. Mwaka 1884 William Caldwell, mtaalamu wa wanyama kutoka Uingereza, alikuwa Australia, akawatumia wenyeji wengi kumtafutia, wanyama kwa mamia wakauawa, mpaka akampata jike aliyekuwa ametaga yai moja na la pili likiwa njiani. Akapeleka simu ya maandishi kwa wenzake waliokuwa mkutanoni Montreal: hutaga. Wenyeji wa kandokando ya mito hiyo walikuwa wamelisema hilo kwa wageni miaka 60 nyuma. Wao walikuwa na jina lake tangu zamani, na hawakuwa wametafuta mshono wowote.